Vijiti vya Somoe

“Sasa Somoe, wameshaanza kukuchoma sindano. Mguu wanakukata lini?”

Aliyeuliza ni Sabra, jirani yake wa shamba, Myao, mtani wetu. Aliuliza amesimama kwenye mpaka wa mashamba yao, ndoo kichwani, uso mkavu kama mtu anayeulizia siku ya mnada wa korosho. Somoe alikuwa amekaa kwenye mkeka anachambua kisamvu. Hakuinua kichwa.

“Wakikata nitakuletea upike supu.”

“Supu ya nini, mguu wenyewe mfupa mtupu? Nimalize kuni zangu bure!”

Wakacheka, Sabra akaenda zake. Mimi nilikuwepo siku hiyo na nilicheka nao. Lakini swali lile halikuwa mzaha mtupu. Huku kwetu wengi tunajua hivi: mtu wa sukari anaanza na vidonge, akizidiwa anachomwa sindano, akishachomwa sindano anakatwa mguu, na akishakatwa mguu watu wanaanza kuulizana sanda iko kwa nani. Somoe naye alikuwa anajua hivyo hivyo. Mtani wake alipoondoka alinigeukia.

“Wifi, kweli?”

Nikamwambia sijui, na kweli nilikuwa sijui. Alhamisi iliyofuata, siku ya kliniki ya sukari, alimuuliza sista Magreth, muuguzi anayewafundisha wagonjwa wa sindano. Sista Magreth ni mtu wa Bukoba, mkubwa wa mwili, sauti yake inafika mpaka dirisha la dawa. Akamjibu kwamba mguu unakatwa kwa sababu ya sukari iliyoachwa juu miaka na kidonda kisichotazamwa, siyo kwa sababu ya sindano. “Sindano ndiyo inayokulindia huo mguu, mama.” Somoe akarudi na jibu hilo shambani akampa Sabra. Sabra akasema haya, supu basi.

Somoe Hashimu ni mdogo wa mume wangu, Ismaili. Ana miaka arobaini na saba. Naandika habari zake kwa idhini yake mwenyewe, aliniambia niandike ila nisimpambe. Mumewe alifariki miaka tisa iliyopita, Mungu amrehemu, na hawakujaaliwa mtoto. Anaishi peke yake upande wa Mahurunga, na mikorosho yake ni sitini na mbili, waliipanda wawili kwa mikono yao. Mtu akimwambia mikorosho sitini, yeye husema, “Na miwili.”

Sukari ilimwanza akiwa na arobaini. Kiu, kukojoa, kukonda. Alipimwa akapewa vidonge, akaambiwa apunguze ugali na aache vitu vitamu. Aliacha siku ile ile. Chai akanywa chungu, muhogo akapima kwa vipande. Lakini kila akienda kupima anaambiwa imepanda. Vidonge vikaongezwa, ikapanda tena. Ikawa kila anayemwona anamuuliza anakula nini. Ikafika hatua watu wanaona anakula kwa kificho. Mume wangu, na nitasema kwa sababu yeye mwenyewe analikiri, alikuwa mmojawapo. Nakumbuka Ramadhani moja tuko wote kwenye futari, Somoe kachukua tende tatu. Ismaili akamwambia mbele ya watu, “Moja inatosha.” Somoe akarudisha mbili kwenye sahani.

Miaka sita ilikwenda hivyo. Mwaka jana akafika kilo arobaini na moja, kanga anaifunga mara mbili inateremka. Tukamleta mjini, akalazwa. Daktari akaagiza damu yake ipelekwe kwenye kipimo kikubwa, majibu yakachukua siku kumi na mbili. Yaliporudi alituita sote watatu, akavuta kiti akakaa karibu na kitanda.

“Mama,” akamwambia, “kuna sukari ambayo mwili una insulini lakini haifanyi kazi vizuri. Hiyo ndiyo tuliyodhani unayo, kwa sababu ilikuanza ukubwani. Na kuna ambayo mwili unaacha kutengeneza insulini kidogo kidogo mpaka inakwisha. Wewe una hii. Kidonge hakiwezi kukisaidia kitu ambacho hakipo. Kuanzia leo utachoma insulini.”

Sisi tulidhani ataulizia sindano.

“Kwa hiyo siyo kwamba nilikuwa nakula?”

“Siyo kwamba ulikuwa unakula.”

Akageuza shingo kwenye mto. “Kaka, umesikia?”

“Nimesikia,” Ismaili akasema.

“Basi sema.”

“Nimesikia, Somoe. Unisamehe.”

Alipotoka hospitali alikaa kwetu mjini, Magomeni, mwezi mzima kujifunza. Jambo la kwanza alilomuuliza sista Magreth ni kama dawa ile ina nguruwe. Sista hakukasirika. Akamwambia zamani walikuwa wanaitoa kwenye wanyama, siku hizi inatengenezwa kiwandani bila mnyama. Somoe akasema alhamdulillahi, akasoma bismillahi, akajichoma tumboni mwenyewe bila kushikwa mkono. Mara ya kwanza! Mimi niliyekuwa nimesimama pembeni ndiye niliyefumba macho.

Sindano haikumsumbua. Kilichomsumbua ni vijiti. Vijiti ni vile vya kupimia, unakichomeka kimoja kwenye kimashine, unatoboa kidole, unagusisha tone la damu, namba inatokea. Kijiti kikishatumika kimekwisha, hakirudi. Sista alisema ingefaa apime mara nne kwa siku. Lakini kliniki wanatoa kopo la hamsini likiwepo, na hilo ndilo la mwezi. Mara nyingine halipo. Kuna mwezi Ismaili alizunguka maduka ya dawa ya Chikongola akarudi na kopo anafurahi, kumbe ni vya mashine nyingine, havikuingia. Na vijiti havitaki unyevu. Joto letu hili la pwani likiingia kwenye kopo vyote vinaharibika. Siku moja Somoe alikishika kimoja na mkono uliolowa, mashine ikagoma kusoma. Alikitazama kijiti kile kwa huzuni kama mtu aliyemwaga uji wa mtoto.

Kwa hiyo alijipangia viwili kwa siku, cha asubuhi kabla ya sindano na cha jioni kabla ya sindano; kumi vinavyopungua kwa mwezi Ismaili ananunua. Akanunua daftari la shule, kila namba anaiandika. Na maneno ya sista aliyashika: mikono iwe safi na mikavu. Hasa mikavu.

Mwezi ulipokwisha akataka kurudi kwake. Ismaili hakutaka. Walibishana siku tatu, mwishowe wakakubaliana mbele yangu. Somoe atarudi Mahurunga, lakini akianguka hata mara moja, atahamia Magomeni moja kwa moja, na shamba atapewa mtu wa kulitunza. Somoe akasema sawa. Najua aliposema sawa alikuwa na hakika hataanguka. Mikorosho ile ndiyo nyumba yake hasa, hii nyingine ya bati ni ya kuwekea vyombo.

Na kweli alikwenda vizuri. Insulini aliiweka kwenye kasha dogo ndani ya mtungi, na mtungi huo aliuzamisha kwenye mchanga anaoumwagia maji, ukikaa kivulini unapoa vizuri. Miezi saba namba zake zilikuwa nzuri, saba, nane, tisa. Akanenepa. Kanga ikafungwa mara moja tu.

Oktoba korosho zikaanza kuanguka, akahamia kwenye kibanda cha shambani kama kila mwaka, maana korosho ikianguka lazima iokotwe mapema, ikikaa ina wenyewe wengine. Kazi yenyewe inajulikana. Korosho huanguka pamoja na tunda lake, bibo. Unaliokota bibo, unashika korosho iliyoning'inia chini, unaizungusha, inanyofoka. Bibo unatupa, au unakula, au unaanika. Unafanya hivyo kutoka alfajiri mpaka jua lichome, mamia kwa mamia, na maji ya bibo yanakutiririka mpaka kwenye viwiko.

Shambani hakuna maji. Bomba la kijiji liko mwendo wa saa nzima. Dumu moja la lita ishirini ndilo la kunywa, la kupikia, la kumwagia mchanga wa mtungi na la udhu. Somoe alikuwa anaswali alfajiri, anakwenda kuokota, saa tatu anarudi kibandani, anapima, anachoma, anakula.

Wiki ya pili ya msimu daftari likabadilika. Asubuhi kumi na tisa. Kesho yake ishirini na mbili. Kumi na nane. Ishirini na moja. Sista alishamwambia asubuhi ikivuka kumi na tano aongeze yuniti mbili za insulini, basi akawa anaongeza. Jioni akipima anakuta tano, nne, siku moja nne kasoro. Akaona dawa inafanya kazi. Asubuhi inapanda, anaongeza, jioni inashuka. Mtu mwenye vijiti vya kutosha angesema ngoja nirudie tena dakika hii hii nione. Yeye kijiti cha kurudia hakuwa nacho. Alikiamini kile kimoja kilichosema.

Siku ya kumi na moja, saa sita mchana, Sabra alipita akamkuta amekaa chini ya mkorosho wake wa tatu kutoka njiani. Amezipanga korosho kwenye mstari mbele yake, anazigusa kwa kidole.

“We mtani, unacheza bao peke yako?”

“Moja,” Somoe akasema. “Moja. Moja. Moja.”

“Mbili zimekwenda wapi?”

“Moja.”

Hapo Sabra akaona jasho. Nguo yote imelowa kama mtu aliyetoka kuvuka mto. Akakumbuka Somoe alishamwambia, ukiniona naongea ovyo na natoka jasho, sukari imeshuka mno, usiite mganga, nipe kitu kitamu kama bado naweza kumeza. Sabra akatazama kushoto na kulia. Sukari hapana, soda hapana. Mabibo yamejaa chini. Akachukua bibo lililoiva akamwambia meza, akamkamulia mdomoni kidogo kidogo. La kwanza, la pili, la tatu, la nne. Anasema baadaye alikuwa anamtukana huku anamkamulia, “Meza, Mmakonde wewe, usinifie hapa nikaambiwa nimekuroga.” Kwenye bibo la tano Somoe akamshika mkono.

“Basi. Umenichafua nguo. Maji ya bibo hayatoki.”

Sabra akakaa chini akalia. Alipomaliza kulia akampigia simu mume wangu.

Ismaili alikuja na gari la kukodi siku hiyo hiyo akamchukua. Njiani hakumgombeza. Alimwambia tu, “Somoe, tulikubaliana.” Na walipofika nyumbani alianza kupiga simu kutafuta mtu wa kulikalia shamba kabla korosho hazijaoza. Somoe alikuwa kwenye mkeka wa chumba cha pili anamsikia. Nilimpelekea uji wa ulezi usio na sukari. Akaniambia, “Wifi, nimefanya kila walichoniambia.” Nikamwambia najua. Hakuwa analia. Alikuwa na daftari lake mkononi, analitazama tu ukurasa kwa ukurasa.

Alhamisi tukaenda kliniki watatu. Somoe hukosi kumkuta na zawadi ya sista. Safari hii alikuwa na mfuko wa mabibo aliyobeba shambani, mengine yameanza kulainika. Sista Magreth akaupokea, akauweka chini ya meza, akaanza kusoma daftari. Alisoma taratibu, kidole kinateremka kwenye mstari wa asubuhi, kisha kwenye mstari wa jioni.

“Mama Somoe, jioni kabla ya kupima unafanya nini?”

“Natia udhu wa magharibi. Nasubiri mikono ikauke. Napima, nachoma, naswali, nakula.”

“Na asubuhi?”

“Asubuhi nina udhu wa alfajiri.”

“Unatia tena?”

“Wa nini, sista, na maji yenyewe dumu moja? Udhu ninao. Sijautengua.”

Sista ni Mkatoliki, akataka kuelewa vizuri. “Udhu wa alfajiri unafika mpaka saa tatu?”

“Unafika, kama hakuna kilichoutengua.”

“Na mabibo? Yanatengua?”

Somoe akacheka. “Mabibo hayatengui udhu, sista.”

“Na vidole unavifanyaje?”

“Nakipangusa kidole kwa ile pamba ya spiriti. Mikono mikavu, kama ulivyosema.”

Sista Magreth akaliweka daftari pembeni. Akainama akatoa bibo moja kwenye mfuko, lenye korosho yake bado. Akamwambia Somoe ainyofoe kama anavyofanya shambani, kwa mkono wa kushoto. Kisha akampeleka kwenye beseni akamnawisha mkono wa kulia peke yake, kwa sabuni, akamkausha kwa taulo. Mkono wa kushoto akaupangusa kwa spiriti. Halafu akatoa vijiti viwili.

Somoe akamshika mkono. “Sista! Viwili? Hivyo ni vya siku nzima.”

“Vyangu, vya kliniki. Tulia.”

Mkono wa kulia ukasoma nane na nukta moja. Wa kushoto, mtu huyo huyo, dakika hiyo hiyo, ukasoma ishirini na tatu.

Nilimwona Ismaili amevua kofia. Sista akaziandika namba zote mbili kwenye daftari, akamwambia Somoe kwa ile sauti yake, lakini safari hii pole pole, “Kwa Mungu ulikuwa safi, mama. Kwa mashine hii hukuwa safi. Ilikuwa inapima sukari ya bibo, siyo ya damu yako. Spiriti haiondoi utamu ule, mpaka maji na sabuni. Ukawa unajichomea sukari ambayo haimo mwilini.”

Somoe aliangalia vidole vyake, vile vyeusi vya utomvu wa korosho, muda mrefu. Nilidhani atajilaumu. Akasema tu, “Siku kumi na moja,” halafu akauliza zile yuniti azirudishe kama zamani. Sista akasema arudishe, na apime mara moja zaidi mchana mpaka waone zimetulia.

Sista akaongeza kwamba na yeye amejifunza. Kuanzia wiki ile kila mtu wa mashambani atamuuliza habari ya kunawa kabla ya kumwongezea dawa, hasa msimu wa korosho. Akaliandika kwenye karatasi akaibandika ukutani.

Tukatoka nje, tukakaa kwenye benchi la kusubiria dawa. Ismaili alikuwa na mawazo. Mume wangu si mtu mkali, lakini akishaliona jambo linamtisha hukaza.

“Leo ni mabibo,” akasema. “Kesho itakuwa nini? Siku ile Sabra asingepita?”

“Alipita,” nikasema mimi.

“Nasema asingepita.”

Somoe alikuwa anakunja ile karatasi ya dawa, anaikunja ndogo ndogo. “Kaka ana haki ya kuogopa,” akasema. “Na mimi niliogopa. Nilipoona namba zinapanda niliogopa kukwambia, maana nilijua utasema nakula.”

Dirishani wakaita jina la mtu mwingine. Mtu mmoja kwenye benchi letu akainuka akaenda, nafasi ikabaki, hakuna aliyeikalia.

“Mwenye kulikalia shamba nimeshampata,” Ismaili akasema hatimaye, taratibu. “Nimwambie aje Jumamosi. Lakini sijamwambia bado. Sema wewe unataka nini, Somoe. Nikusikie.”

Somoe akaiweka karatasi kwenye mkoba. Akamtazama kaka yake usoni, jambo ambalo huwa halifanyi, akasema hivi, na nimeyaandika kama alivyoyasema:

“Tulikubaliana nikianguka nihame, na nimeanguka, sibishi. Lakini naomba unirudishe kesho, korosho bado zinaanguka. Niletee madumu mawili ya maji kila Jumamosi na Jumanne, moja liwe la kunawia peke yake, na sabuni ya kipande. Vijiti nisaidieni nipate vitatu kwa siku mpaka msimu uishe. Na nikikupigia simu kwamba imepanda, usiniulize nimekula nini. Niulize kwanza kama nimenawa.”